Mtoto wa miaka sita anatolewa mawe ya figo: masaa mangapi ndani ya thieta ni mengi mno?

Fundi wa Viti, Nakuru

Habari zenu wazazi wenzangu. Mimi ni fundi wa kushona viti vya matatu, naishi Kaptembwa hapa Nakuru. Nina binti wa miaka 6, hapa nitamwita Kadogo. Naomba msaada wa mawazo kwa sababu usingizi umeniruka kabisa.

Kadogo alianza kulia tumbo mwaka jana karibu na Krismasi. Tukapewa dawa ya minyoo, ikaisha. Tukapewa ya amiba, ikaisha. Siku tatu anacheza vizuri, ya nne anajikunja kwenye mkeka ameshika ubavu wa kulia. Mwezi wa tano mama yake akaona mkojo kwenye beseni una rangi ya chai ya strungi. Ndipo tukapiga altrasaundi: jiwe la milimita 22 kwenye figo ya kulia, na lingine dogo la milimita 7 upande wa chini wa figo hiyo hiyo. Tukatumwa Eldoret. Daktari wa huko alituketisha akatueleza polepole kwamba hatapasua tumbo. Atatoboa tundu dogo mgongoni, aingize mrija mpaka ndani ya figo, avunje jiwe na kutoa vipande. Akasema kazi yenyewe ni kama masaa mawili, ila inaweza kuzidi.

Hapo kwa "inaweza kuzidi" ndipo nimekwama. Mtoto wa jirani yangu alifanyiwa upasuaji kama huu kwenye hospitali nyingine, sitaitaja. Aliingia saa mbili asubuhi, akatolewa saa saba unusu mchana. Usiku huo huo homa ikapanda, akaongezwa damu, wakakaa wodini wiki mbili. Jirani anashikilia kwamba ni yale masaa. Anasema mtoto akipita masaa matatu mezani, shida lazima imfuate.

Sasa naomba kuuliza: ni urefu wa muda unaoleta shida, au ni shida inayorefusha muda? Mimi nikifungua kiti nikute mbao ya ndani imeoza, kazi ya saa moja inakula siku nzima. Kiti hicho kikivunjika baadaye, mwenye gari halaumu ile siku nzima, analaumu mbao. Nataka kujua kama mwili wa mtoto nao uko hivyo. Na nimuulize nini daktari bila kuonekana namfundisha kazi yake?

Mamangu anasema ni haya maji yetu ya Nakuru. Shemeji naye anasema dawa ya usingizi ikikaa sana kichwani inapunguza akili ya mtoto. Tarehe yetu ni wiki mbili zijazo.

Rono, Njoro

Pole sana ndugu. Mimi nilitolewa jiwe nikiwa mtu mzima na najua yale maumivu. Kumwazia mtoto wa miaka sita akiyabeba nimeishiwa na maneno. Mbona msiombe ile mashine inayovunja jiwe kwa mawimbi kutoka nje? Mimi nilipigwa nayo, nikarudi nyumbani jioni hiyo hiyo. Hakuna kutobolewa.

Sista wa Thieta, Kisumu

Baba Kadogo, pole na hizo safari. Nimefanya kazi thieta miaka 14, na miaka 9 kati ya hiyo nimekuwa nikiandaa meza ya upasuaji wa njia ya mkojo. Mimi si daktari na sijamwona mtoto wako. Haya ni maneno ya mtu anayesimama karibu na meza.

Nianze na la Rono lisitupoteze njia. Mawimbi yanafaa sana kwa watoto, vipande vyao hushuka vizuri hata kuliko vya watu wazima. Lakini jiwe likishapita milimita 20, vipande vinakuwa vingi, vinaweza kuziba mrija unaoshuka kutoka kwenye figo, na mtoto akarudishwa mara ya pili na ya tatu. Na mtoto mdogo halali kimya kwenye ile mashine kama wewe Rono ulivyolala, kwa hiyo kila mara atapewa dawa ya usingizi. Kwa milimita 22, daktari wa Eldoret amechagua njia ambayo wengi wangechagua.

Mfano wako wa mbao nimeupenda, ila umeshika nusu ya jambo. Jiwe kubwa, au lililotawanyika kwenye vyumba vingi vya figo, au lenye vijidudu ndani yake, linarefusha kazi, na ni lilo hilo linaloleta damu na homa. Hapo muda mrefu ni dalili tu, haujasababisha kitu. Nusu ya pili ni kwamba muda wenyewe nao unauma, na mtoto unamuuma mapema kuliko mtu mzima.

Ngoja nikueleze tunachokiona. Wakati jiwe linavunjwa, maji yanapitishwa ndani ya figo bila kukatika ili daktari aone na vipande vitoke. Ni lita kadhaa. Sehemu ya maji hayo inanyonywa na mwili. Ndiyo maana tunatumia maji ya chumvi ya hospitali na si maji matupu, na ndiyo maana tunayapasha kwanza. Yakiwa baridi, mtoto wa kilo 20 anapoa haraka. Akishuka chini ya nyuzi 36 damu yake haigandi vizuri, na moyo na pumzi vinalegea. Halafu kuna msukumo wa yale maji. Kama jiwe lilikuwa limeficha vijidudu, kadiri linavyosagwa ndivyo vinavyoachiliwa, na maji yakizidi nguvu vinasukumwa kuingia kwenye damu. Hiyo ndiyo homa ya usiku wa kwanza. Na damu yenyewe: mtu mzima ana kama lita 5, Kadogo ana kama lita moja na nusu. Kikombe kimoja cha chai kikimwagika kwake si sawa na kikombe kikimwagika kwako.

Kwa hiyo jirani hajakosea kabisa. Hata madaktari waliofuatilia watoto waliofanyiwa kazi hii wameona kwamba damu hupotea zaidi pale muda unapokuwa mrefu, mrija ulioingizwa unapokuwa mnene, na jiwe linapokuwa kubwa. Vitatu hivyo hutembea pamoja, ndiyo sababu ni vigumu kukiweka kimoja peke yake kizimbani. Lakini hakuna mstari uliochorwa kwenye masaa matatu, kwamba ukiuvuka tu mtoto ameumia.

Kisha jua kwamba saa ya mzazi na saa ya thieta hazilingani. Wewe utaanza kuhesabu mlango ukifungwa. Sisi tutakuwa bado tunamlaza usingizi, tunatafuta mshipa kwenye kamkono kale, tunapitisha mrija mwembamba kutoka chini kwenye njia ya mkojo hadi kwenye figo. Tunamgeuza alale kifudifudi, tunaweka mito kifuani, magotini na usoni asiumizwe na meza. Daktari anatafuta njia ya sindano kwa kutazama eksirei au altrasaundi, na hapo hatumharakishi, kwa sababu tundu lililopita mahali pazuri ndilo linaloamua mambo mengine yote. Kuvunja jiwe kwenyewe kunakuja baada ya hayo. Kisha kuangalia kama kuna kipande kimebaki, kumgeuza tena, kumwamsha, kumkalisha chumba cha uangalizi mpaka aitike jina lake. Masaa matano na nusu ya mlango yanaweza kuwa masaa mawili na nusu ya kazi. Yule jirani alihesabu mlango.

Kuna mama mmoja simsahau. Mtoto wake alikuwa na jiwe lenye matawi, limejaza figo kama mzizi wa mhogo. Walipofika masaa mawili wakiwa wamelitoa zaidi ya nusu, joto la mtoto likashuka hadi 35 na maji yanayorudi yakaanza kuwa mekundu. Daktari akasema tunasimama hapa. Akaacha mrija mgongoni, tukamfunika, tukamrudisha. Nilipotoka kumwambia mama yake kwamba kuna kipande kimebaki, alikaa chini pale kwenye sakafu ya korido akalia, akidhani wameshindwa. Sikuwa na la kumwambia la kumtuliza wakati ule. Siku ya tano mtoto akarudi mezani, wakapita tundu lile lile, kazi ikaisha kwa dakika 40. Ukiambiwa "tumesimamisha, tutamalizia siku nyingine", Baba Kadogo, tafadhali usilichukue kama habari mbaya. Daktari ninayemwogopa ni yule anayetaka kumaliza lote leo kwa vyovyote.

Basi ndiyo swali langu la kwanza kama ningekuwa wewe: "Daktari, ukiona muda unaenda au damu inazidi, utasimamia wapi?" Hilo si kumfundisha kazi. Atakayekasirika kwa swali hilo, mwangalie mara mbili. Muulize pia kama ana ile mirija myembamba ya watoto. Njia hii ilianzia Sweden mwaka 1976 kwa watu wazima, na vyombo vya mwanzo vilikuwa vinene; vyembamba vimekuja baadaye na vinamwaga damu kidogo zaidi, ingawa jiwe kubwa hutoka polepole kupitia kwenye tundu jembamba. Unaona sasa? Hapo muda unaongezeka na hatari inapungua. Muulize nani atakuwa daktari wa usingizi, na kama amezoea watoto. Lakini kubwa kuliko hayo yote: mkojo umeoteshwa? Sizungumzii kile kipimo cha kijiti cha dakika mbili. Nasema mkojo upelekwe maabara, uoteshwe siku mbili tatu, ijulikane kama kuna vijidudu na ni dawa gani inaviua. Kama hilo halijafanyika, lidai kabla ya kukata tiketi ya gari.

La shemeji: mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu dawa za usingizi kwa watoto walio chini ya miaka 3, pale zinapotumika zaidi ya masaa 3 au mara kwa mara. Kadogo ana miaka 6. Hata kwa wale wadogo, onyo halikusema upasuaji unaohitajika uachwe. Figo iliyozibwa na jiwe inaharibika kimya kimya, na hiyo ndiyo inayonitia hofu zaidi.

La mamako: madini ya floridi yaliyo kwenye maji ya visima vya huko kwenu tunayajua kwa kutia meno rangi ya kahawia. Jiwe kwa mtoto mara nyingi linatokana na jinsi mwili wake unavyotoa kalisi au oksaleti kupitia mkojo, au upungufu wa sitreti, ile inayozuia mawe yasijijenge, au vijidudu, au njia ya mkojo iliyozaliwa na kizuizi. Na kunywa maji kidogo kunayasukuma yote hayo. Sasa wazazi wakishaambiwa maji ni mabaya, wanampunguzia mtoto maji. Usifanye hivyo.

Na siku yenyewe: chakula kinakoma masaa 6 kabla, maji meupe masaa 2 kabla. Uji ni chakula. Chai ya maziwa ni chakula. Nimeona watoto wakiondolewa kwenye orodha saa tatu asubuhi kwa sababu shosho aliwaonea huruma alfajiri.

Mama Nekesa, Bungoma

Sista amesema vizuri, mimi naongeza ya wodini kwa sababu huko ndiko nilikokaa.

Wangu alikuwa na miaka 9. Mlango ulifungwa masaa manne, na niliyahesabu yote nikiwa nimeshika kandambili zake mkononi. Alitoka na mrija mgongoni na mfuko wake, na katheta chini, ule mrija wa kutoa mkojo kwenye kibofu. Mkojo ulikuwa mwekundu kama juisi ya rosela. Nikapiga kelele. Nesi akaniambia nitazame unakoelekea: kesho unapaswa kuwa waridi, keshokutwa majimaji. Ukirudi kuwa mwekundu mzito, au ukitoa mabonge, au mfuko ukikauka ghafla huku mtoto analia, hapo ndipo niite watu. Hayo maneno yalinisaidia kuliko kitu chochote. Kila asubuhi nikawa nainua ule mfuko dirishani.

Homa ilikuja usiku wa pili, 38 na nusu, meno yanagongana. Walimtoa damu ya kupima, wakambadilishia antibiotiki, ikashuka baada ya siku moja na nusu. Usisubiri zamu ibadilike ili useme, mama au baba anayekaa kitandani ndiye anayejua mtoto amebadilika. Siku walipoutoa ule mrija wa mgongoni, bandeji ililowa mkojo usiku kucha. Nikadhani figo imetoboka. Tundu likajifunga lenyewe kesho yake. Pia mtazame anavyohema. Mtoto wa kitanda cha pili alitobolewa juu zaidi, karibu na mbavu, akaanza kuhema kwa shida, ikabidi wapige eksirei ya kifua.

Sasa lile linaloniuma mpaka leo. Waliweka stenti ndani, kamrija kembamba kanakotoka kwenye figo mpaka kwenye kibofu ili mkojo usizibe. Hospitali hiyo sitaitaja, lakini kwenye karatasi ya kuruhusiwa hakuna aliyeandika kwamba kuna kitu ndani ya mwanangu, wala siku ya kukitoa. Mtoto akawa anakojoa kila mara, analalamika, mimi namwambia ni kidonda kinapona. Mwezi wa tano tangu upasuaji ndipo daktari wa kliniki nyingine akakaona kwenye eksirei, kashaota mawe ncha zote mbili. Kukatoa kulikuwa upasuaji wa pili, mrefu kuliko wa kwanza. Baba Kadogo, ukiambiwa stenti, andika tarehe. Iandike wewe mwenyewe, mahali ambapo kila mtu wa nyumba yako ataiona.

Na jiwe uliombe. Letu lilitupwa. Mpaka leo hatujui lilikuwa la aina gani.

Fundi wa Viti, Nakuru

Nimesoma mara tatu, nikamsomea na mama Kadogo. Asanteni kutoka moyoni.

Nimerudi na hasira kidogo. Niliuliza kuhusu kuotesha mkojo. Wakatuotesha, majibu yametoka: kuna vijidudu vinavyoitwa Proteus. Sasa upasuaji umesogezwa mbele, kwanza amalize dawa wiki moja, kisha mkojo upimwe tena. Nilikuwa nimefunga kazi, nimekopa nauli, SHA, ile bima ya afya ya serikali, wameshatoa idhini. Mtoto analia usiku. Nikajuta kwa nini niliuliza.

Sista wa Thieta, Kisumu

Usijute. Proteus ni kijidudu kinachojenga mawe chenyewe, kinakaa ndani ya jiwe kama mchwa kwenye mbao yako. Wangelisaga lile jiwe wiki hii hivyo hivyo, ile homa ya mtoto wa jirani ingekuwa ya Kadogo, hata kama wangemaliza kwa saa moja. Wiki hii ya kungoja inamkinga kuliko dakika zozote watakazookoa mezani. Mpe dawa kwa saa zake, mpe maji, na akipata homa nyumbani msisubiri tarehe, rudini siku hiyo hiyo. Kuhusu idhini ya SHA, waambie dawati la hospitali mapema kwamba tarehe imesogea.

Fundi wa Viti, Nakuru

Tumerudi nyumbani jana. Naandika kabla sijasahau mpangilio.

Nilimuuliza daktari lile swali, utasimamia wapi. Hakukasirika hata kidogo. Alivuta kiti akaniambia: nikifika masaa mawili ya kuvunja na bado, nasimama, damu ikinizuia kuona, nasimama, joto likishuka, daktari wa usingizi ananisimamisha yeye. Akaniambia jiwe kubwa ndilo lengo, lile dogo la chini atalifikia likiwa njiani, likikataa ataliacha.

Mlango ulifungwa saa mbili na robo asubuhi. Ukafunguliwa saa sita na dakika kumi. Nilipoona saa tano imepita nilianza kutetemeka, nikakumbuka "yule jirani alihesabu mlango", nikatoka nje nikanunua maziwa nikarudi. Daktari alisema kazi yenyewe ilikuwa saa moja na dakika 50. Jiwe kubwa limetoka lote. Dogo limebaki, hakulisumbua, watalifuatilia kwa altrasaundi.

Usiku wa kwanza homa ilifika 38.2. Nilimwita nesi kabla hata sijamaliza kusoma kile kipimajoto. Asubuhi ikawa imeshuka. Mkojo ulikuwa strungi, ukawa waridi, siku ya tatu ukawa majimaji, na nilikuwa nauinua ule mfuko dirishani kila alfajiri kama Mama Nekesa. Hakuongezwa damu. Siku ya tano tukaruhusiwa.

Jiwe nililiomba. Limegawanywa, nusu limepelekwa maabara, nusu nimepewa kwenye kachupa, unga wa rangi ya mchanga wa Njoro na vipande vichache kama punje za mchele uliovunjika. Kadogo anawaonyesha watoto wa ploti. Ameagizwa lita moja na nusu ya maji kwa siku, chumvi ipunguzwe kwenye chakula chetu sote. Mwalimu wake ameshaambiwa amruhusu kutoka kwenda msalani bila kuomba mara mbili. Mamangu anamchemshia maji mwenyewe sasa, amemnunulia chupa yake ya waridi na amechora alama za kalamu ubavuni, ya saa nne, ya chakula cha mchana, ya jioni.

Stenti iko ndani. Inatolewa baada ya wiki nne, atalazwa usingizi kidogo tena. Haikuwa kwenye karatasi ya kuruhusiwa. Nilirudi dirishani nikangoja mpaka ikaandikwa na kupigwa muhuri. Nyumbani nimechukua chaki yangu ya kupimia vitambaa nikaandika tarehe ukutani juu ya meza ya chakula, herufi kubwa. Mama Nekesa, nimeandika na jina la mwanao chini yake.